Makopo ya Baba Mshituni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliamini kwamba maji yana miguu. Bibi mzaa baba ndiye aliyenieleza hivyo huku akichambua maharage kwenye ungo, na Bibi hakuwa mtu wa mzaha. Alisema maji ya chemchemi yetu yalikuja kijijini yenyewe, zamani, yakakaa kwa sababu yalikuta kivuli. Siku watu watakapokata miti ya mshitu yataondoka kama yalivyokuja.

Mshitu ni pori dogo la mababu. Kwetu, juu kabisa katika milima ya Upare Kusini, ulikuwa umekaa juu ya chemchemi, mweusi hata mchana, wenye miti mikubwa ya mbao, mikulo, minene ambayo watu wazima watatu wasingeweza kuikumbatia. Zamani vijana walifundwa humo. Wakati wangu hakuna aliyefundwa tena, lakini hakuna pia aliyeingia kuokota hata ukuni mmoja. Wanawake na wasichana tulipita mbali, tena tukinyamaza.

Baba alikuwa mchungaji wa usharika, na alihubiri waziwazi kwamba mshituni hamna kitu cha kumtisha Mkristo. Bibi alikuwa akimsikiliza kutoka benchi la pili, akiitikia amina, kisha akirudi nyumbani anapita njia ile ile ya mbali.

Sijapata kuona mchungaji mwingine wa aina yake. Alizunguka mitaa ya usharika kwa miguu, na akichelewa kurudi Mama hakuwa na wasiwasi. Alijua amesimama mahali anatazama kiota. Kila mtoto aliyembatiza alimpandia mti. Jumamosi alitupikia makande ili Mama apumzike, na majirani walilisema jambo hilo kwa muda mrefu mpaka wakachoka wenyewe.

Mwaka huo paa la kanisa lilianza kuvuja, na mafundi walipopanda wakakuta mbao zimeliwa na mchwa. Katika kikao cha wazee wa kanisa, Mzee Elinami akatoa shauri. Alikuwa mkulima hodari wa tangawizi, mwenye sauti nzito, na akisema jambo wengine huona limekwisha. Alisema mbao zipo bure, ziko mshituni. Tukikata ile mikulo tutapata paa, na watu wataacha kuogopa mizimu. Mchungaji mwenyewe si ndiye aliyesema hamna kitu?

Baba aliomba apewe majuma mawili. Nilimsikia akimweleza Mama jikoni kwamba amenaswa na mahubiri yake. Akikubali, mama yake mzazi hatamwelewa. Akikataa, watasema mchungaji anaogopa mizimu, na maneno ya namna hiyo hayachelewi kumfikia askofu.

Mimi sikuelewa habari za askofu. Nilichotaka kujua ni kimoja tu, na kesho yake nikamfuata Baba bandani alikokuwa anarekebisha mzinga wa nyuki.

"Baba, mwongo ni nani? Wewe au Bibi?"

Hakunigombeza. Aliweka nyundo chini.

"Twende tukaangalie," alisema.

Bibi alipojua kwamba tunakwenda, tena nami mtoto wa kike, aliuweka ungo chini kwanza. Kisha akatoa masharti mawili tu: tuvue viatu, na tusinyooshe kidole kuonyesha kitu chochote. Nilidhani Baba atacheka. Tulipofika ukingoni aliinama akafungua kamba za viatu vyake vya kazi, akaviweka sawasawa kwenye jiwe, akanisaidia kuvua ndala zangu. Nilimuuliza kama anaogopa. Alisema haogopi, lakini aliyeomba ni mama yake.

Ndani kulikuwa na baridi. Ardhi ilikuwa laini kama godoro, na kuvumwani za mitini zilining'inia kwenye matawi mithili ya ndevu. Nakumbuka nilitembea mikono nimeificha mgongoni, kidole kisije kikanyooka chenyewe. Hapakuwa na mvua, jua lilikuwa linawaka kule tulikotoka, lakini humu matone yalikuwa yanadondoka. Moja lilinipiga shingoni nikashtuka. Baba alisimama, akakinga kiganja, akahesabu matone kimyakimya huku midomo ikicheza.

Ndipo tukasikia mtu akikohoa. Kikohozi cha mzee, kizito, kutoka juu kwenye miti. Mara mbili. Baba alikuwa anajua kila ndege wa milima ile kwa sauti, na pimbi, na kima. Nilisubiri anitajie jina.

"Sijui," alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka. Tulingoja muda mrefu. Hakikusikika tena.

Siku iliyofuata Baba alichukua makopo mawili ya maziwa ya unga yanayolingana. Moja tuliliweka chini ya mkulo, la pili katikati ya shamba letu, mahali pa wazi. Kazi yangu ilikuwa kwenda naye kila alfajiri kuangalia. Asubuhi za ukungu, kopo la shambani lilikuwa na unyevunyevu tu, kama limelambwa. Kopo la mshituni lilikuwa na maji, siku nyingine vidole viwili, siku nyingine vitatu. Baba alilishika kama anavyoshika kikombe cha meza ya Bwana. Alinieleza kwamba majani yale yananasa ukungu na kuudondosha, na huo ndio unaoshuka polepole mpaka chemchemi. Nikakimbia kumwambia Bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ndicho alichoniambia.

Jumapili, baada ya ibada, Baba aliwawekea wazee makopo yote mawili mezani, akawaeleza. Mzee Elinami alichungulia moja, akachungulia la pili.

"Mchungaji, wenzako wa zamani walitambika kwa kibuyu," alisema, "wewe umeanza kutambika kwa makopo."

Walicheka sana. Baba naye alitabasamu, lakini niliona akiyavuta makopo yake karibu naye. Alichofanikiwa kupata ni nusu: wangekata mikulo miwili badala ya yote. Wapasua mbao waliletwa kutoka Hedaru, maana wa kwetu hawakutaka. Siku ile Bibi alijifungia chumbani. Baba alikwenda kusimama pale msumeno ulipokuwa ukifanya kazi.

Kiangazi kilichofuata, maji ya chemchemi yalipungua. Ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia, iliyokuwa ikijaa usiku mmoja, ilihitaji siku mbili, kisha tatu. Ni kweli kwamba vuli ilikuwa mbaya mpaka kule chini Kisiwani, na ng'ombe wa wafugaji walikufa. Baba alilisema hilo wazi, kwamba miti miwili haiwezi kubeba lawama yote. Hakuna aliyemsikiliza, kama vile ambavyo hawakumsikiliza mwanzo.

Shamba la Mzee Elinami lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji. Tangawizi yake ilinyauka yote. Alasiri moja alikuja nyumbani peke yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi ukingoni mwa kiti. Sauti yake nzito ilikuwa imepotea.

"Mchungaji, niambie. Nichinje nini?"

Nilidhani Baba atamkumbusha kicheko cha siku ile. Alimkaribisha chai kwanza.

"Usichinje kitu, mzee wangu," alisema. "Lete jembe."

Walianza wawili, wakawa kumi, mwishowe nusu ya kijiji. Baba alileta miche, lakini aliyeonyesha mahali pa kuchimba ni Bibi, peku, akikanyaga huku na huku mpaka akapata udongo anaoutaka. Wanawake waliingia mshituni siku ile, na hakuna aliyekatazwa. Mvua nzuri zilirudi mwaka wa pili, na maji yakaongezeka, ingawa hayakuwa kama zamani. Bibi alisema yamesamehe. Mzee Elinami alisema ni Mungu. Baba aliwaitikia wote wawili.

Sasa naishi Same mjini, nami nina watoto. Baba amestaafu, yuko kule kule juu. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu habari hii kama habari ya mtu msomi aliyekwenda kuthibitisha jambo kwa makopo, akapuuzwa, ukweli ukamtetea. Krismasi iliyopita tulikuwa tumekaa wawili barazani, nikamuuliza ni asubuhi ipi hasa aliposadiki kwamba mshitu usikatwe. Nilitegemea ataje kopo.

Alinijibu taratibu, kama mtu anayeungama.

"Nilimwamini mama yangu tangu siku ya kwanza. Sababu nilizitafuta baadaye."

Nilikuwa nimemheshimu maisha yangu yote kwa ajili ya shaka yake, kumbe muda wote alikuwa ameongozwa na imani aliyoionea haya kidogo mbele ya wazee wake wa kanisa. Sijaona kwamba hilo limempunguzia kitu. Ila watoto wangu wanaponiletea siku hizi maneno yasiyoniingia akilini, nimejifunza kutoanza kwa kubisha.