Saini ya Dada Aliyekuwa Kuwait

Mama alikuwa ameshasaini jina la dada yangu kabla sijamaliza kumimina chai. Fomu yake ya kodi ya mapato ilikuwa mezani, nyumbani kwetu Shively, upande wa Louisville, na chini ya ukurasa wa mwisho sasa palikuwa na jina kwa wino wa buluu, herufi kubwa, moja moja, kama za mtu anayepanga matofali. Aliupuliza wino ukauke, akaniambia nitafute bahasha.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2015. Dada alikuwa mwanajeshi wa Marekani, na tangu Krismasi ilipopita alikuwa Kuwait. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Buffalo na shahada mpya na tabia ya kuhoji kila kitu, na hili nalo nililihoji: kwa nini mtu anayelala jangwani ajaze fomu ya kodi sawa na sisi tunaolala Kentucky? Nilisoma, nikaona raia wa nchi hii anatakiwa kujaza popote alipo. Nikasoma zaidi, nikaona askari walio maeneo ya vita, Kuwait ikihesabiwa humo, huongezewa muda. Nikamwambia mama tungoje dada arudi.

"Bon, mutoto ya université," mama akasema. "Weye unauliza hata chumvi juu ya nini iko na chumvi. Na bwana yake atangoja mpaka lini?"

Hapo alikuwa na hoja. Dada alikuwa amerudi mara moja kwenye kambi ya Tanzania, tulikokulia baada ya kukimbia Kongo, akaolewa na kijana wa mtaa wetu wa zamani. Ombi la kumleta Marekani lilichukua miaka miwili, na sasa mume huyo alikuwa amepangiwa siku ya mahojiano ubalozini. Barua ilitaka nakala ya fomu ya kodi ya mke wake, ya mwaka uliopita. Akienda bila hiyo, faili lingerudi kwenye foleni ambayo hakuna aliyejua mwisho wake.

Kuhusu saini, mama hakuona tatizo, na nakiri hata mimi sikuliona. Kambini, siku ya kuhesabiwa, kila jina liliitwa na mwenye jina alipaswa kuonekana na kadi yake ya chakula. Lakini watu walitoka kwenda kufanya vibarua mashambani, wakachelewa. Jirani alishika kadi ya asiyekuwapo na kuitika kwa jina lake. Asipoitika, nyumba nzima ilipungukiwa unga. Mama aliwaitikia wengi. Kumsainia mtoto aliye mbali, kwake, kulikuwa jambo hilohilo.

Alichotaka kabla ya kutuma ni mwalimu aziangalie hesabu zangu. Mwalimu ni mama wa Kirundi aliyefundisha watoto kambini chini ya turubai. Sasa aliishi Whitehall, pembeni mwa Columbus, jimbo la jirani. Siku za kazi aliwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi aliandaa fomu za kodi za watu. Nilimwambia mama kuna programu ya simu inayofanya kazi hiyo. Akanipa funguo za gari.

Tulifika baada ya zaidi ya saa tatu barabarani. Sebuleni kwake kulikuwa na watu saba, kila mmoja na bahasha mapajani.

"Mama wa Kentucky," mzee mmoja akamchokoza, "kwenu huko hakuna watu wa kodi?"

"Bako. Mwalimu ndiye hakuna."

Mwalimu alishusha kidole mstari kwa mstari. Hesabu zilikuwa sawa, nami nikaanza kujisikia. Kwenye ukurasa wa mwisho kidole kikasimama.

"Nani amesaini hapa?"

"Miye," mama akasema. "Mwenyewe iko kwa jeshi."

"Dada yangu," mwalimu akamwambia mama, "hii siwezi kuituma."

"Donc umesahau kambi? Kule weye hukuitikia mutu?"

"Sijasahau. Nilimwitikia jirani yangu miezi minne, na alikuwa ameshakufa. Watoto wake walikula. Ningefanya tena kesho." Aliigeuza fomu ili mama aione. "Lakini mkwe wako atakaa mbele ya afisa. Afisa ana ombi ambalo binti yako alilisaini mwenyewe, na ana hii. Akiona mikono miwili tofauti, ataanza kuuliza kama hata ndoa ni ya kweli."

Nikaingilia. Nilisema karatasi hizi hazilinganishwi, kwamba maofisa wengi hawazisomi kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo chuoni halikunitokea mara nyingi.

"Huenda ni kweli," akasema. "Tumtume shemeji yako akajaribu?"

Nikatoa simu mfukoni.

Tukampigia dada simu ya video. Kuwait ilikuwa jioni, naye alikuwa na taulo shingoni.

"Mama, umeniitikia tena?"

"Nilikusaidia."

"Na hizo herufi zako zinaonekana mpaka huku!"

Sebule nzima ikacheka, na mama akashindwa kukaza uso.

Nilidhani mwalimu angemwambia tu asaini. Badala yake alimsomea fomu yote, kila mstari na maana yake, watu saba wakingoja, kwa sababu, alisema, mtu hasaini asichokijua. Mimi niliyeijaza sikuwa nimemsomea dada hata mstari mmoja. Hakuna aliyelalamika kwenye makochi. Nadhani kila mmoja alijua zamu yake ikifika atasomewa vilevile.

Dada akaenda ofisi ya kikosi chake, akachapisha ukurasa, akausaini, akauskani na kuutuma. Ilichukua saa mbili na zaidi. Tulikula wali na maharage ya mwalimu. Ukurasa ulipofika, jina la dada lilikuwa limelalia kulia, herufi zimeshikana, zina haraka. Mama aliutazama sana.

"Kumbe anaandikaka hivi," akasema.

Shemeji alifika Louisville mwezi wa nane, dada akiwa bado Kuwait, kwa hiyo tulimpokea sisi. Garini alitusimulia: afisa aliiweka fomu ya kodi kando ya ombi, akamuuliza kama ule ni mkono wa mke wake.

"Nikasema ndiyo, papo hapo. Ameniandikia barua miaka yote, nisiujue?"

Mama, aliyekaa nyuma, aliinama karibu na bega langu. Kisha akaniambia nisikunje kwenda nyumbani.

"Twende Columbus kwanza."

"Mama, mtu katoka safari ya siku mbili!"

"Atalala mule mu gari. Mwalimu amuone na macho yake."

Shemeji akasema yeye hana shida. Nikasimama kujaza mafuta.