Bukari Katika Daftari la Mirusho

Nilijifunza kutunza bega la mrushaji wa besiboli nikiwa kocha wa miaka arobaini na sita, ambaye wachezaji humwita papa, yaani baba, kwa kutazama video kwenye simu na kuandika daftarini. Katika uwanja wetu wa vumbi, mtaa wa Bel-Air, hatukuwa na vyuma vya mazoezi. Tulifunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo ya goli, tukauvuta polepole, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Kila mrusho niliuhesabu.

Mrushaji wetu bora alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Siku moja kabla ya mechi na timu ya Kambove, alishindwa kuinua mkono kupita sikio. Nilifungua daftari. Wiki hiyo alikuwa amerusha kidogo, kisha siku tatu nilizoandika "mapumziko".

"Zile siku tatu ulipumzika kweli?"

"Nilikuwa ku kilio ya mujomba wangu, papa. Nilipika bukari."

"Ya bantu ngapi?"

"Kilio haina mulango! Bote benye kufika banakula."

Sufuria za matanga nazijua: kubwa kama mapipa, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, unga unaokaza kila unapougeuza. Nimekula bukari hiyo, ugali wetu, tangu utotoni. Sikuwahi kuiona kuwa kazi ya bega.

"Kumbe bukari nayo iko sport?" mdakaji wetu akacheka.

"Weye unakulaka tu, haukuonaka benye kupika," mrushaji akamjibu.

Nami nilikuwa mmoja wa walaji. Nikainamia daftari.

"Kesho nitarusha kidogo tu," akanisihi.

"Hapana. Bega ikiharibika, hautashona tena."

 Kesho yake alikaa kando akihesabu mirusho ya mwenzake, nasi tukashindwa. Mimi nikachora safu mpya katika daftari: kazi za nyumbani.

Kwa wiki tano alivuta mpira wa baiskeli, kwanza ule mlegevu, kisha mgumu, na maumivu yakapungua. Ikafika siku ya kumaliza matanga. Mashangazi walipomwita kwenye sufuria, aliwapelekea mdakaji badala yake. Bukari ilitoka na mabonge. Shangazi mmoja akamwuliza mdakaji kama anajenga nyumba kwa matofali hayo.

Jumatano iliyofuata alirusha mara ishirini. Mkono ulipita sikio bila yeye kukunja uso. Akaja kusimama kando yangu, akaonyesha safu mpya kwa kidole.

"Andika, papa. Bukari: ziro."