Jiko Lililozimwa kwa Ajili ya Ermes

Katika mji wetu, injini ikinyamaza ghafla wanawake walizima jiko. Desturi hiyo inanizidi umri. Ilianza enzi ambazo magari ya mbio yalijaribiwa nyuma ya makaburi, na dereva aliyetoka nje ya njia mara nyingi hakurudi mzima. Mlio ukikatika, kila nyumba ilifunga gesi na watu wakasimama getini kungoja. Ukisikika tena, walirudi kwenye sufuria zao. Usiposikika, jiko lilibaki baridi mpaka ifike habari ya hakika, njema au mbaya. Kukaanga vitunguu wakati mke wa jirani hajajua kama amekuwa mjane kulikuwa ni utovu wa adabu. Mimi bado naona hivyo.

Ermes Vezzali alikulia ndani ya desturi hiyo. Baba yake, Nerio, alikuwa fundi wa timu ya majaribio maisha yake yote, mjane aliyemlea Ermes na dada yake Mirella katika nyumba inayopakana na uwanja, pale njia inapopita chini ya daraja. Ermes alipokuwa mtu mzima alipewa kiti, lakini hakikuwa kiti cha mashindano. Alikuwa dereva wa majaribio. Kazi yake ilikuwa kulizungusha gari jipya tangu asubuhi, kulisikiliza kwa mgongo na makalio, kisha kuwaambia wahandisi linaumwa wapi, ili Jumapili mtu mwingine aliendeshe mbele ya dunia nzima.

Pale baa hawakuacha kumtania. Walisema yeye ni bwana anayevaa suti ya harusi wiki nzima ili ilainike, halafu Jumapili anamvulia bwana harusi. Ermes alikuwa akicheka pamoja nao, akinywa divai yake nyekundu yenye mapovu, na kuwajibu kwamba angalau yeye suti ilimkaa. Sikumsikia hata mara moja akilalamika kwamba jina lake halikuandikwa popote. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hapimwi kwa makofi.

Siku ya kwanza alipokabidhiwa gari, Nerio alimpa sharti moja. Kila akifika darajani aachie pedali ya mafuta mara mbili, upesi, injini ikohoe, ili baba ajue yu mzima. Wahandisi walilalamika kwamba kikohozi kile kilichafua vipimo vyao. Mwishowe walijifunza kukitoa kwenye hesabu, kama mtu anavyopunguza uzito wa gunia kwenye mzani. Nerio alistaafu, masikio yakabaki kazini. Aliketi jikoni karibu na dirisha, na kikohozi kikisikika alimwambia binti yake, "Tia chumvi, Mirella. Ndugu yako mzima."

Ndipo wakubwa wa mbio walipokubaliana kubana matumizi. Majaribio yakapigwa marufuku msimu mzima, isipokuwa siku chache kabla ya mashindano kuanza, tena mbali, katika nchi za joto. Walisema timu ndogo zinafilisika kwa sababu timu kubwa zinazungusha magari kila siku ya Mungu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na mimi sitetei ubadhirifu. Mwenye busara hujifunga mkanda kabla ya njaa kubisha hodi. Lakini nimewaona wengi wakihubiri mkanda, na nimejifunza kutazama unafungwa kwenye kiuno cha nani. Timu yetu ilivunja kikosi cha majaribio, mafundi wakapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, na kabla mwaka haujaisha pakasimama jengo jipya la vioo. Humo ndani mliwekwa gari lisilo na magurudumu, mbele ya ukuta wa picha, ili majaribio yafanyike bila kuwasha injini.

Ermes walimwingiza humo. Macho yalimwambia anakata kona, mgongo ukamwambia ameketi chumbani, naye akatapika. Alijaribu tena, akatapika tena. Vijana waliokulia kwenye michezo ya kompyuta hawakutapika. Basi alihamishiwa kupokea wageni: kuwaketisha katika gari kuukuu, kuwafunga mikanda, kuwapiga picha.

Hayo angeyavumilia. Jambo ambalo hakulivumilia lilikuwa nyumbani kwao.

Wakati huo akili ya Nerio ilikuwa imeanza kumtoka. Majina ya watu yalimpotea, siku zikamchanganyikia, lakini masikio yalikuwa yale yale na desturi ilikuwa ile ile. Asubuhi alikaa dirishani, akasikiliza, asisikie kitu. Basi aliinuka akazima jiko. Mirella akiliwasha, anazima. Mirella alimweleza habari za marufuku, mzee akaitikia kwa kichwa, na baada ya muda mfupi mkono ukarudi kwenye gesi. "Mtu hajarudi," alisema, "nawe unapika?" Kipupwe chote kile walikula mkate na nyama baridi.

Dawa ilikuwa moja tu. Mchana Ermes alitoka kazini akaja kusimama mlangoni. Baba alimtazama, akamgusa bega, akasema, "Haya, umekuja." Jiko likawashwa. Kesho yake mambo yalianza upya.

Mirella alichoka, nami simlaumu. Aliniomba ushauri nilipokutana naye dukani: kama waweke kanda ya mlio wa injini karibu na dirisha, mzee apate kutulia. Nilimwambia uongo anaoambiwa mgonjwa bado ni uongo. Alipompelekea Ermes wazo lile, Ermes alikuwa mkali kuliko mimi.

"Dada, kikohozi kile ni neno langu kwa Baba," alimwambia. "Kanda itamwambia niko barabarani wakati siko. Na siku nikifa kweli, itaendelea kukohoa."

Badala yake alitafuta njia ya haki. Sheria mpya ziliacha mwanya mdogo: timu iliruhusiwa kutoa gari siku moja moja kwa ajili ya picha za matangazo. Ermes alimwendea mhandisi Gavioli, aliyefanya naye kazi tangu ujana, akaomba apewe mzunguko mmoja wa siku hiyo, tena wa polepole, apite chini ya daraja. Alimweleza sababu bila kuficha. Gavioli alifuta miwani yake kwa muda mrefu.

"Ermes, ungeniomba kitu kingine," alisema. "Mizunguko yenyewe wameipima, na wenye matangazo wanataka sura wanayoijua. Nikikupa wewe, nitamjibu nini yule wa juu?"

"Mwambie ni kwa ajili ya fundi Nerio."

"Yeye hamjui Nerio."

Hakusema jambo la kikatili, alisema kweli. Lakini nauliza, na nimewauliza wengi hapa mjini: kiwanda kisichomjua mtu aliyekifungia nati miaka yote hiyo, kinabana matumizi gani hasa?

Siku ya picha ilifika na jua la kwanza baada ya kipupwe. Injini ilipowaka tulitoka wote nje, wengine machozi yakiwatoka, maana hatukujua jinsi ukimya ule ulivyokuwa umetukalia kifuani. Mirella alimwita baba yake kwa furaha. Nerio alikuwa tayari dirishani, amesimama, kofia mkononi. Gari lilikuja, likapita chini ya daraja kwa mlio mmoja mnyoofu, likaenda zake. Likarudi tena, likapita vile vile. Kijana aliyeliendesha alikuwa bingwa mwenye mikono mizuri. Hakuwa na sababu ya kuachia mafuta pale.

"Huyo si Ermes," Nerio alisema.

Mirella alimwambia Ermes yuko kazini na atakuja kula mchana.

"Gari limerudi, yeye hajarudi. Kiti chake wamempa mwingine."

Hakusema hivyo kwa uwendawazimu. Katika enzi zake ndivyo ilivyokuwa. Dereva alikufa Jumatano, Ijumaa mlio ukasikika tena, na wote walijua kwamba mwili mwingine umeingia katika kiti kile. Sasa Nerio alikuwa amepata habari ya hakika. Alipanda chumbani, akarudi amevaa tai nyeusi.

Mchana Ermes alisimama mlangoni kama kawaida. Mzee aliinuka akampa mkono, kwa heshima ya mbali anayopewa mgeni wa msibani. "Asante kwa kuja," akamwambia.

Walijaribu kila njia. Ermes alimwonyesha kovu la kidoleni, la bisibisi ya baba yake mwenyewe. Nerio alilitazama akasema mwanawe naye alikuwa nalo kama hilo. Wiki ile alikwenda kwa Padri Fausto kuomba misa ya marehemu. Padri alikuwa na shida kubwa, kwa sababu huwezi kumwombea pumziko la milele mtu aliyekuletea baba yake kwa gari. Alisoma misa ya waliofariki kazini, wote kwa jumla, bila kumtaja jina mtu. Naliona hilo kuwa sawa. Hakuliongopea kanisa wala hakumfukuza mzee.

Niliketi benchi la nyuma yao. Nerio alikuwa kati ya watoto wake wawili, mmoja ndiye aliyekuwa akimlilia kama marehemu, mwingine akimsindikiza katika kilio hicho. Nyimbo zilipokwisha alimgeukia Ermes.

"Wewe ulimjua mwanangu?"

Niliona mabega ya Ermes yakipanda, yakashuka. Nilifikiri sasa atasema, Baba, ni mimi. Alikuwa amelisema mara nyingi mno.

"Nilimjua, mzee."

"Alikuwa dereva mzuri?"

"Alijitahidi."

"Pale darajani, alikuwa anaachia mafuta? Au nilikuwa nasikia vibaya?"

"Alikuwa anaachia. Hakuacha hata siku moja alipokuwa na gari."

Mzee aliridhika. Katika yote hayo Ermes hakusema neno moja la uongo. Nilitoka kanisani mbele yao ili nisimtazame usoni.

Baadaye nilipopita nyumbani kwao, dirisha la jikoni lilikuwa wazi na kioo chake kimejaa mvuke. Nerio mwenyewe alikuwa amewasha gesi. Habari imefika, kungoja kumekwisha, sasa watu na wale chakula. Mirella alikuwa akitumbukiza tortelini, tambi zilizojazwa nyama, kwenye mchuzi, analia bila sauti, na baba yake, tai nyeusi bado shingoni, alikuwa akivuta kiti mezani.

"Mjazie sahani mgeni wetu," alimwambia. "Alikuwa rafiki wa marehemu."

Ermes aliketi, akashika kijiko, akala.