Jina Nililochelewa Kulitamka

Kwetu Wakonzo, jina la mtoto humngoja kabla hajazaliwa, kwa kuwa hufuata mpangilio wa uzawa: binti wa kwanza ana lake, wa pili lake, hata kitinda mimba. Ukiita jina la binti wa kwanza katika soko la Bwera, hugeuka wanawake thelathini. Kwa hiyo lilikuwa jambo geni nyumbani mkwe wangu, mke wa mwanangu, alipoomba binti yake wa kwanza aitwe jina la mama yake marehemu. Mkwe wangu alivuka mpaka akitokea Butembo, akikimbia vita; mama yake alifia huko nyuma, naye hakuweza kwenda kumzika. Hakuwa hata na picha yake. Alikuwa na jina tu.

Sitaliandika hapa. Ni jina la watu wa msitu ulio ng'ambo ya Beni, alikozaliwa marehemu, na herufi zetu hazilitoshi. Sauti yake ya kwanza hutolewa kwa midomo na koo kwa wakati mmoja, kisha silabi ya pili hushuka ghafla, kama mguu uliokosa ngazi.

Mapadre walionifundisha Kilatini kabla sijawa mwalimu walituzoesha kunyamaza badala ya kutamka vibaya. Basi nikanyamaza. Nilimwita mtoto "mjukuu wangu", au "bibi mdogo", huku nikijizoesha jina lake peke yangu kila asubuhi nilipoanika kahawa, mpaka kuku wakaacha kushtuka.

Soko halikunisubiri. Mkwe wangu aliuza vitenge akiwa na mtoto mgongoni, na kila aliyepita alilichukua jina kwa namna yake.

"Jina gani hii, mama? Inavunja meno!" alilalamika jirani yake, muuza chumvi kutoka Kabatoro.

"Kwani uko na meno ya kuvunja?" akauliza muuza samaki wa Hamukungu, kisha akaliita yeye mwenyewe, akiliongezea irabu mbili zisizo zake. Askari wa kizuizi cha barabarani alilikata likawa fupi kama amri, na wanawake wote wakaitika, "Ndiyo, afande!"

Kabla mjukuu wangu hajaota jino, wasichana wengine wawili pale Bwera walikuwa wamepewa jina hilo, kila mmoja kwa matamshi ya mama yake. Watu walifurahi. Mimi niliona jina linaenea na papo hapo linapotea, nikazidi kufunga kinywa.

Siku moja ya soko nilifika kibandani pake nikitoka Kasese. Mkwe wangu alinipa kiti kwa heshima yake ya siku zote, lakini hakuniangalia. Alikuwa akikunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Papa, batu bote ya hapa banaita mutoto. Weye tu ndiyo haumuite. Kama jina ya mama yangu haikupendezi, sema. Tutamuita ile ya kwenu."

Nilishikwa na aibu ambayo sijui kuipima. Nikamweleza habari za asubuhi zangu, kahawa na kuku. Akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta macho kwa pembe ya kitenge cha kuuza.

"Papa! Hata Butembo hakuna mutu alijua kuiita. Papa yangu mwenyewe aliiharibu miaka yote. Mama alikuwa anaitika tu, anakuja."

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipakatisha. Nikalitamka. Midomo ilitangulia, koo likachelewa, na silabi ya pili ikapanda pale ilipopaswa kushuka.

"Kumbe hata mwalimu inamshinda!" alisema muuza chumvi, ameridhika kabisa.

Mtoto hakugeuka, alikuwa ameshughulika na kifungo cha koti langu. Mama yake ndiye aliyeitika, kwa sauti nzito, ya kizee kidogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Niko hapa. Nakuja."