Kompyuta ya Tano

Rehema amenisamehe, lakini mimi bado naona haya kumtazama. Sote wawili ni makarani katika ofisi ya kusafirisha mizigo, Changamwe.

Juzi nilinunua kompyuta mpya, nikataka kuiwekea kaswida ninazonunua kwenye duka moja la mtandaoni. Duka likanikatalia. Akaunti moja huruhusu kompyuta tano tu, na zangu, likasema, zimeshatimia. Nikahesabu: ya ofisini, ya nyumbani, ya mume wangu, ya binti yangu. Nne. Ya tano nikamtilia shaka Rehema, kwa kuwa aliwahi kuniona nikiandika neno langu la siri.

Sikumuuliza. Nilimwendea mbele ya wenzetu nikamwambia, "Ukitaka kaswida niombe, usiniibie."

"Wallahi sijaigusa akaunti yako," alisema, machozi yakimlengalenga.

Nikabonyeza mahali pa kuziondoa kompyuta zote kwa pamoja, nikajiona nimemkomesha. Haikupita saa, mama yangu akapiga simu kutoka Likoni. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafaili, nikamweka kwenye spika.

"Mwanangu, ile kompyuta yako kuukuu uliyonipa imenyamaza. Kaswida hazichezi, yataka neno la siri. Sijui nimeharibu nini."

Ofisi nzima ikanigeukia. Rehema ndiye aliyesogea akaiinamia simu yangu.

"Shikamoo mama. Hujaharibu kitu," alisema. "Ni sisi huku tuliokosea."