Ukuta Uliopinda Nyuma ya Zinga

Msikiti wa kale ulikuwa nyuma ya mashamba ya Zinga, upande wa baharini, na hakuna aliyejua ulijengwa na nani. Paa lilikwisha kuanguka kabla ya babu zetu, na mkuyu ulikuwa umeota juu ya kifusi. Ukuta mmoja tu ulisimama mzima. Wazee walisema huo ndio wa kibla, basi tulizika kando yake, kila kaburi likiufuata, ili maiti akilazwa ubavu wa kulia aelekee Makka.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha binti yetu wa miaka mitano alipokufa kwa homa. Mchimba makaburi, mzee wa hapo kijijini, alitaka kupima kwa jua. Mimi ni mwashi. Nilimwambia jua huhama, mahali linapochomoza wakati wa kusi sipo linapochomoza wakati wa kaskazi, lakini ukuta hauhami.

"Haya, fundi," alisema. "Kama mawe yamekwambia, mimi nani?"

Nikavuta uzi kuufuata ukuta. Kaburi likachimbwa kwa uzi wangu, na mwanandani, lile shimo la pembeni anamolazwa maiti, nikalisawazisha kwa mikono yangu.

Masika iliyofuata mkuyu uling'oka, mizizi ikainua kifusi. Nilikwenda kutafuta mawe ya kujengea mdomo wa kisima. Chini ya kifusi nikakuta msingi mwingine, na katikati yake kidaka cha imamu, anamoelekea kibla akiswalisha, kimechongwa kwa tumbawe laini. Tumbawe la namna hiyo hukatwa baharini likingali na maji, ndipo lichongeke. Likikauka huwa gumu. Alama za tindo ya fundi aliyekichonga zilikuwa bado zinaonekana, mstari kwa mstari.

Ukitaka kujua ukuta upi ni wa kwanza, tazama pembe zinapokutana. Kuta zilizojengwa pamoja hufungana, jiwe la huku limeingia kule, kama vidole. Hapa hazikufungana. Ukuta wetu uliegemea tu, na chokaa yake ilikuwa na udongo mwekundu, wakati ile ya kidaka ilikuwa nyeupe tupu. Ulikuwa ukuta wa ngazi, umeongezwa baadaye na kupindishwa kufuata mteremko. Nilivuta uzi mara tatu. Kisha nikakaa chini.

Shekhe alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema tungejua mapema tungefukua na kumgeuza, lakini miezi saba imepita, mwili umeshabadilika, aachwe. Mungu anajua tulikusudia wapi. Alisema kwa upole, nami nilimwamini.

Ilibaki kumwambia mke wangu. Siku mbili nilishindwa. Siku ya tatu alikuwa anakuna nazi, akaniuliza mbona kisima kimesimama, mawe yamekwisha? Nikamweleza yote, pembe, chokaa, ngazi, kama ninavyokueleza wewe. Aliendelea kukuna.

"Sasa mwanangu ametazama wapi?"

Nilimwonyesha kwa mkono. Mbali kidogo na kibla, kuelekea mashamba ya mihogo.

"Na yule mzee alitaka kupima kwa jua."

"Ndiyo."

Nikamwambia nitayang'oa mawe ya kaburi, lile la kichwani na la miguuni, niyapange upya kwa mstari wa kidaka. Kazi ya asubuhi moja. Hapo ndipo alipoacha mbuzi ya nazi.

"Usiyaguse. Ukiyanyoosha ya juu, nitajuaje yeye amelala vipi?"

Waliozikwa baada ya hapo tuliwapima kwa kidaka. Ukienda leo utaona safu mbili zisizolingana, na wageni hudhani ni uzembe wa wachimbaji. Wewe kama unajifunza uashi, fukua pembe kwanza. Si kazi ngumu, jembe na subira vinatosha. Mimi nilikuwa navyo vyote siku ile.

Mke wangu alikwenda kila Ijumaa. Alikaa upande wa mihogo, ulipoelekea uso wa mtoto.