Namna Baba Alivyotupangia Safari ya Kutoka Ureno hadi Ufaransa

Dada yangu mkubwa alipiga simu kutoka Bordeaux, akasema amenunua gari. Alitaka wazazi na mimi tufike Lisboni, kwa wakwe zake, kisha sote tupande gari hilo tuvuke Ureno na Hispania mpaka nyumbani kwake Ufaransa. Baba hakusema asante. Aliuliza, "Nani anapanga?"

Dada akacheka. "Hakuna cha kupanga, Baba. Tunapanda gari, tunakwenda."

Baba alinirudishia simu kama vile imeharibika mkononi mwake. Akachukua baiskeli, akaenda Mutaho kununua daftari.

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako dada na mimi tulizaliwa, baba alikuwa kiongozi wa mtaa wetu, na amani iliporudi ndiye aliyewapanga watu kwenye malori ya kurudi Burundi. Alijua nani ana mbuzi, nani ana mimba changa, nani atatapika kabla ya kilima cha kwanza. Pamoja na hayo yote, lori letu lilizuiwa mpakani tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu jina la mama lilikuwa limekosewa herufi moja. Tangu siku hiyo baba aliamini kwamba safari ni mpaka. Mengine yote ni kukaa tu kwenye kiti.

Ukurasa wa kwanza wa daftari aliandika MAJI. Wa pili, NYARAKA. Wa tatu, MAHALI PA KULALA KABLA YA MPAKA, kwa maana haendi mtu mpakani jua likiwa limeinama. Aliniomba ramani ya Ulaya kutoka shule ya msingi ninayofundisha hapa Gitega. Ilikuwa ramani ya zamani, na mchwa walikuwa wamekula katikati yote ya Hispania. Baba aliitandika kitandani, akapima njia kwa uzi wa kushonea, na kila alipofika kwenye tundu akaupitisha uzi pembeni.

"Baba, barabara inapita hapo hapo katikati," dada alimwambia kwenye simu.

"Nimeona palivyo. Tutazunguka."

Baada ya hapo alikwenda kwa mkuu wa kilima chetu, yaani kijiji chetu, kuomba barua. Mkuu huyo ni mkulima kama sisi, ila ana muhuri.

"Nimwandikie nani?" aliuliza.

"Mkuu wa mpaka wa Hispania."

"Unamfahamu?"

"Ningekuwa namfahamu ningetaka barua ya nini?"

Mkuu akaona hilo ni neno. Akaandika barua kwa Kirundi, nakala tatu, moja kwa kila nchi. Ilisema kwamba mwenye barua ni mtu mtulivu, hana kesi ya shamba na jirani yeyote, na ng'ombe wake wawili wamechanjwa. Akapiga muhuri juu na chini. Nilimuuliza baba habari ya ng'ombe inawahusu nini Wareno. Alinitazama kwa huruma. "Wewe hujawahi kuulizwa maswali mpakani. Wanauliza chochote."

Kwa kuwa siku ile mpakani alijibu yeye peke yake, na mama na mimi hatukuwa na uzoefu wa kuulizwa, baba aliamua tufanye mazoezi, na mazoezi yenyewe yafanyike Muyinga, mji ulio karibu na mpaka halisi, ule wa Tanzania. Huko ana rafiki, fundi cherehani, Mwislamu wa pale mjini, aliyetupa chai siku malori yetu yaliposimama kupumzika. Tulipanda gari asubuhi, tukapita Karuzi, tukafika Muyinga tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Fundi alifurahi mno kupewa kazi ya askari wa Hispania. Alikunja uso, akavuta kamba ya kuanikia nguo katikati ya ua wake, akaweka meza nyuma yake. Mama alipita wa kwanza. Fundi alimwamkia, akamwuliza habari za watoto, akainua kamba. Mimi nilipita wa pili. Kisha akaja baba, amevaa koti, bahasha kifuani.

"Papiye iko wapi?" fundi akauliza.

Baba akampa barua.

"Bon. We unatoka wapi?"

"Natoka Ureno."

"Ureno! Unafanya nini kule Ureno?"

"Napita tu."

"Mtu anapita tu? Mi naona hapa iko ng'ombe mbili. Hizo ng'ombe iko wapi?"

"Zimebaki nyumbani."

"Nani anazichunga?"

"Mdogo wangu."

"Na yeye iko na papiye?"

Wake za majirani walikuwa wamejaa ukutani wakicheka. Fundi naye akaona mchezo umenoga. Akakunja barua, akairudisha mezani kwa kishindo. "Non, mzee. Haiwezekane. Rudi kwenu."

Baba hakucheka. "Nirudi wapi?" akasema, si kwa sauti ya mchezo. "Nirudi wapi mara hii?"

Fundi aliiangusha kamba chini, akamshika baba mabega. "Mzee wangu, pardon. Tulikuwa tunacheza. Ingia. Hispania yote iko yako." Lakini baba alikwenda kukaa kwenye benchi nje, mgongo ameuelekeza kwetu, na wali uliopikwa kwa ajili yetu alikula vijiko viwili.

Tuliporudi Gitega nilimweleza dada kwa simu yaliyotokea. Akasema, "Lakini mbona hamkuniuliza? Pale mpakani mwa Ureno na Hispania hakuna mtu. Hakuna askari, hakuna kamba. Kuna kibao tu, unapita."

Nilidhani habari hiyo ingempa baba nafuu. Aliipokea kama tusi.

"Hakuna anayekuuliza?"

"Hakuna, Baba."

"Basi huko ni kuingia kwa kunyata. Niliingia Tanzania kwa kunyata, vichakani, mama yako akiwa na mimba ya huyo dada yako. Siingii tena nchi ya mtu namna hiyo."

Akafunga daftari. Wiki mbili hakuligusa. Mama ndiye aliyemaliza shauri, akiwa anachambua maharage, bila hata kuinua macho. "Vizuri. Nitakwenda na mtoto. Wewe baki na ng'ombe." Kesho yake asubuhi tulimkuta baba anafua shati lake jeupe.

Viza zilipatikana. Kwenye ofisi ya viza Bujumbura, mama mmoja nyuma ya kioo aliuliza ratiba yetu, na baba akampenyezea daftari zima. Alilisoma kurasa nyingi, akamwita mwenzake naye alisome, kisha akauliza kwa upole kwa nini tunaizunguka Hispania. "Katikati hapafai," baba akajibu, na yule mama akaandika kitu.

Siku ya kuondoka Lisboni, dada alikubali kufuata njia ndogo ya mashambani, kwa sababu daftari lilikataza barabara za malori. Wakwe walikuwa wametulisha samaki mpaka tukahema. Baba alikaa mbele, mkanda kifuani, bahasha mapajani, macho kodo. Baada ya saa mbili akalala. Alilala kinywa wazi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwamsha.

Alipozinduka, pande zote kulikuwa na mizeituni. "Tuko wapi?"

"Hispania," dada akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu muda kidogo."

Baba alitazama mizeituni ile kama watu waliomsengenya. "Nirudishe," akasema.

Dada alinitazama kwenye kioo. Kisha akageuza gari. Tulirudi karibu nusu saa mpaka kwenye kibao cha buluu chenye nyota, kando ya barabara tupu. Mbwa mmoja tu alikuwa amelala kivulini mwake. Baba akashuka, akavuta koti likanyooka, akatembea hadi upande wa Ureno, akageuka, akaingia Hispania kwa miguu, polepole, kichwa juu. Alisimama. Hakuna aliyemsimamisha. Akarudi Ureno, akaingia tena. Akafanya hivyo mara nne, na mara ya nne alikuwa anatembea mikono mifukoni, kama mtu anayekwenda dukani kwa jirani.

"Umetosheka?" mama akauliza kutoka dirishani. "Jua linatuchoma."

Baba akapanda, akafunga mkanda. Akamuuliza dada kama mpaka wa Ufaransa nao uko hivyo.

"Hivyo hivyo, Baba."

"Basi tukifika mniamshe."

Siku ya pili tulipoukaribia mpaka wa Ufaransa, mvua kubwa ilikuwa inanyesha. Nilimgusa bega. Alifumbua macho, akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja, akakitazama kibao kikipita.

"Twende tu," akasema. "Nitalowa."